Mtu wa Usingizi Hana Ngazi

Mjamzito aliyezidiwa usiku kijijini leo ana nafuu ambayo mama yake hakuwa nayo. Namba 115 ya mpango wa m-mama inapigwa bure, gari la wagonjwa linatumwa, na likikosekana anatafutwa dereva wa mtaani aliyesajiliwa, ambaye atalipwa akishamfikisha mgonjwa. Kituo cha afya anakopelekwa nacho si kile cha zamani. Tangu mwaka 2017 mamia ya vituo yameongezewa jengo la upasuaji, maabara na wodi ya wazazi, kwa fedha zilizotajwa sana majukwaani: shilingi milioni 400 hapa, milioni 500 pale. Kitanda cha upasuaji kipo, taa kubwa ipo, jenereta ipo, na anayejua kupasua yupo. Kisha muuguzi wa zamu anatoka mlangoni na kuwaambia ndugu: "Mtu wa usingizi hayupo." Yuko msibani, au yuko likizo, au alihamishwa mwezi wa nne na wa kuziba nafasi yake hajaletwa. Gari linageuzwa kuelekea hospitali ya wilaya, barabara ya vumbi, na saa zinakwenda.

Nimeamua kuandika juu ya mtu huyo, na hasa juu ya mshahara wake na cheo chake, kwa sababu naamini hapo ndipo tunapompotezea. Wanaotaka kusomea kazi hii wapo. Wanaoifanya kwa moyo wapo pia. Lakini utaratibu wetu wa mishahara na vyeo umepangwa kana kwamba kada hii haipo. Muuguzi wa usingizi anaajiriwa kama muuguzi, analipwa kama muuguzi, anapandishwa daraja kama muuguzi, na siku akitaka kupanda zaidi, njia iliyo wazi mbele yake inamtoa nje ya chumba cha upasuaji.

Wengi wetu hatujui anachofanya, na si ajabu, maana akiifanya vizuri kazi yake sisi tumelala. Tuangalie upasuaji ulio wa kawaida kuliko wote, wa kumtoa mtoto. Mama anakalishwa pembeni mwa kitanda, kidevu kifuani, mabega yameshuka, mgongo ameukunja kuelekea nje. Tumbo la miezi tisa na uchungu unaokuja kila baada ya dakika chache vinamfanya ashindwe kutulia. Muuguzi anapapasa mfupa wa nyonga, anahesabu pingili, anasafisha, kisha anaingiza sindano nyembamba kati ya pingili mbili za kiuno. Anasubiri. Tone la maji meupe kama ya mvua likichungulia kwenye shina la sindano, amefika. Anasukuma mililita mbili na kidogo za bupivakeini, anaitoa sindano, anamlaza mama haraka na kumwekea kitambaa kilichokunjwa chini ya nyonga ya kulia, ili mimba isikandamize mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo.

Wanaotazama wakidhani kazi imekwisha, yeye ndiyo kwanza anaianza. Ganzi ikipanda, mishipa ya miguuni inalegea na presha inaweza kuporomoka ndani ya dakika chache. Mama anasema anasikia kichefuchefu. Kwa masikio ya muuguzi huyo, kichefuchefu ni taarifa ya presha. Maji yanafunguliwa yaende kasi, efedrini inaingia kidogo kidogo kwenye mshipa. Anagusisha pamba yenye spiriti tumboni, halafu kifuani, akiuliza ubaridi unaanzia wapi. Ikiwa mama anasema vidole vya mikono vinamchonyota na sauti yake inaanza kufifia, ganzi imepanda mno, na baada ya hapo misuli ya kupumulia itasimama. Atalazimika kumpumulia yeye, kwa barakoa au kwa mpira wa hewa uliopitishwa kooni, huku upasuaji ukiendelea na mtoto akingoja kutolewa. Maamuzi yote hayo anayafanya mtu mmoja, mwenye stashahada na mwaka mmoja wa ziada.

Na huyo ni mama ambaye hali yake ni nzuri. Yule aliyemwaga damu nyingi nyumbani hafai kuchomwa sindano ya mgongo, kwa sababu presha iliyobaki ndiyo inayomweka hai. Huyo atapewa ketamini, au atalazwa usingizi kabisa na kuwekewa mpira wa hewa, tumbo lake likiwa limejaa chakula, na chakula hicho kikipanda na kuingia kwenye mapafu kinaua. Hesabu ya dawa, ya damu, ya hewa na ya muda inafanyika kichwani, saa nane za usiku, mlio wa kipimo cha oksijeni cha kidoleni ukiwa ndiyo saa ya ukutani. Mlio ukishuka sauti, kila aliyemo chumbani anamgeukia yeye. Hakuna wa juu yake wa kumuuliza.

Sasa tufuate mshahara wake. Nchini Tanzania njia iliyozoeleka ni hii: mtu anasoma uuguzi miaka mitatu, anapata stashahada, anasajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, anafanya kazi, kisha anachaguliwa au anajiombea kwenda kusomea usingizi mwaka mmoja katika hospitali kubwa kama KCMC kule Moshi. Wengine, hasa wa vituo vya afya, wamepitia mafunzo mafupi zaidi, ya miezi michache, yaliyobuniwa ili vituo vya vijijini viweze kupasua. Akirudi, cheki namba yake ni ileile. Ngazi ya mshahara ya TGHS aliyokuwapo kabla ya kuondoka kwa kawaida ndiyo anayoikuta. Kilichobadilika ni kwamba mwaka jana akikosea wodini alikuwa na muuguzi mfawidhi na daktari wa kumsaidia, na mwaka huu akikosea mtu anakufa mezani.

Hapa afisa utumishi atanisimamisha. Ataniambia, na ana haki ya kuniambia, kwamba mshahara wa serikali unafuata muundo wa utumishi, na muundo unatazama kiwango cha elimu na miaka ya kazi. Cheti cha mwaka mmoja juu ya stashahada hakimgeuzi mtu kuwa mwenye shahada. Ni kweli, na ndipo lilipo tatizo. Muundo unapima karatasi aliyokuja nayo mtu kazini. Hauna mahali pa kuandika kwamba huyu, tofauti na mwenzake wa zamu ya wodi, ameshika uhai wa watu wasioweza kujipumulia. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Huyu anacheza kwao usiku na mchana, na tuzo anaipata anayejua kuhama.

Maana kuhama kunalipa. Muuguzi wa usingizi mwenye miaka kumi ya kazi, akitaka kusogea kwenye ngazi za maofisa, anahitaji shahada. Anakwenda chuoni, mara nyingi kwa kujisomesha au kwa kukopa, na anachosoma wengi wao ni shahada ya uuguzi wa jumla, au afya ya jamii, au hata utawala, kwa kuwa ndizo zinazotambulika haraka kwenye utumishi. Anarudi na shahada. Halmashauri inafurahi kupata msomi, na inampa cheo: muuguzi mkuu wa kituo, mratibu wa chanjo, msimamizi wa huduma za mama na mtoto. Semina anahudhuria sasa, posho za safari anazipata, na usiku analala. Chumba cha upasuaji kimempoteza mtu aliyelaza maelfu, na nafasi yake anaingia kijana aliyetoka darasani mwezi uliopita. Hakuna aliyevunja sheria. Kila mmoja amefuata muundo.

Nyongeza za jumla haziligusi jambo hili. Mei Mosi ya mwaka 2025 Rais alitangaza kupandisha kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai. Ni nyongeza nzuri na haikuja mapema. Lakini inapandisha sakafu ya nyumba nzima; aliyesimama chumba cha upasuaji na aliyesimama dirisha la kadi wamepanda pamoja na pengo kati yao halikuongezeka hata kidogo. Anayetafuta sababu ya kubaki na kipimo cha oksijeni hajaipata hapo.

Halafu kuna posho ya kuitwa. Kwa wasiojua, mtumishi wa afya anayeitwa nje ya saa za kazi anastahili kulipwa kwa kuitwa huko. Kwenye kituo chenye muuguzi mmoja wa usingizi, kuitwa hakuna mwisho: Jumatatu yupo, Jumapili yupo, Idi yupo, Krismasi yupo. Hawezi kwenda kumzika shangazi yake bila kuomba kwamba mama yeyote asizidiwe siku hiyo. Fedha za posho hiyo mara nyingi zinategemea mapato ya ndani ya kituo, na kituo chenyewe kinahudumia wajawazito ambao kwa sera hawatakiwi kulipa. Malipo yanachelewa na kulimbikizana, na mganga mfawidhi anajifunza kumkwepa mtu wake mwenyewe koridoni. Mjini hospitali binafsi inamlipa kwa kila mgonjwa aliyemlaza usingizi, fedha mkononi jioni ileile. Nani atamlaumu akichukua kibarua hicho baada ya zamu, na Jumatatu asubuhi akaingia chumba cha upasuaji macho mekundu? Mimi simlaumu. Namhofia aliye mezani.

Watu wakilitaja suala hili hupenda kuitaja Marekani, na takwimu zake zinatia kizunguzungu. Mwaka 2023 nusu ya wauguzi wa usingizi wa huko walilipwa zaidi ya dola 212,650 kwa mwaka. Kuzigeuza dola hizo kuwa shilingi hakutusaidii kitu. Bei ya mkate na kodi ya nyumba ya Chicago havilingani na vya Chalinze. Kinachofaa kutazamwa ni uwiano. Mwaka huohuo kiwango cha kati cha muuguzi wa kawaida aliyesajiliwa kilikuwa dola 86,070. Kwa hiyo muuguzi aliyesomea usingizi analipwa karibu mara mbili na nusu ya mwenzake wa wodini, katika nchi ileile na mara nyingi katika jengo lilelile. Kwetu uwiano huo, kwa aliyetoka masomoni jana, unakaribia kuwa mara moja tu.

Pengo hilo halikuletwa na ukarimu wa Wamarekani. Mwanzoni mwa karne iliyopita Alice Magaw, muuguzi aliyefanya kazi na ndugu wawili wa Mayo kule Rochester, Minnesota, alichapisha kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 14,000 aliowalaza bila kifo kilichosababishwa na dawa yenyewe. Kumbukumbu hizo zilikuwa hoja, na hoja ilipata wasemaji: mwaka 1931 Agatha Hodgins aliwakusanya wenzake wakaunda chama chao cha kitaifa. Madaktari wa California wakamshtaki muuguzi mmoja, Dagmar Nelson, kwamba kumlaza mgonjwa ni kufanya udaktari bila leseni. Mwaka 1936 mahakama ya juu ya jimbo hilo ikaamua kwamba hakuvunja sheria. Mwaka 1956 kada ilipata cheo chake rasmi chenye mtihani wake. Mwaka 1986 Bunge lao likapitisha sheria iliyoruhusu bima ya wazee ya serikali iwalipe wauguzi hao moja kwa moja kwa kazi yao, na tangu 2001 magavana wakaruhusiwa kuomba jimbo lao liondolewe sharti la kusimamiwa na daktari, Iowa ikitangulia. Kila hatua ilikuwa na ugomvi wake, na ugomvi na madaktari wa usingizi unaendelea hadi leo.

Kumbukumbu za kazi zilitangulia, chama kikafuata, cheo kikafuata, na hundi yenye jina lao ikaja mwisho. Gharama ya kuingia nayo imepanda: tangu Januari 2022 kila anayeanza masomo hayo Marekani anaanza kwenye shahada ya uzamivu, akiwa tayari na shahada ya uuguzi na uzoefu wa wodi ya wagonjwa mahututi. Kijana wa Mwanza au Mombasa anayeota kuruka na cheti chake cha mwaka mmoja hadi kwenye dola hizo ajue kwamba akifika ataanzia kwenye leseni ya uuguzi wa kawaida, na safari ya usingizi ataianza upya.

Ufaransa nayo ina kisa chake. Mei 2010 wauguzi wa usingizi wa huko, waliochoka kuona masomo yao ya miaka mitano yakilipwa kama ya mitatu, waliingia kwenye reli za kituo cha Montparnasse jijini Paris na kusimamisha treni za mwendo kasi. Mwaka 2014 stashahada yao ikatambuliwa kuwa na hadhi ya shahada ya uzamili. Siwashauri watu wetu wakalale kwenye reli ya SGR. Ila nakumbusha kwamba hata kwa matajiri, kada hii haikuonekana mpaka ilipojitokeza.

Majirani zetu hawajasimama. Nchini Kenya hospitali ya AIC Kijabe imekuwa ikiwafundisha wauguzi kazi ya usingizi tangu miaka ya 2000, kando ya maofisa tabibu wanaopitia chuo cha KMTC, na wahitimu wake wamesambaa hadi hospitali za kaunti zilizokuwa hazina mtu. Rwanda, ikijijenga baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, ilianzisha kozi kamili ya miaka mitatu ya kumwandaa mtu wa usingizi kuanzia mwanzo. Ethiopia inatoa shahada ya kwanza ya fani hii. Kila nchi ina malalamiko yake, ya mishahara zaidi, lakini mhitimu wa Addis Ababa anayetoka chuoni na shahada yenye jina la kazi yake ana mahali pa kusimama anapodai. Wa kwetu anadai akiwa na jina la kazi nyingine.

Hoja ya madaktari sitaipita kwa haraka, kwa sababu ina uzito. Wanasema kumlaza mtu ni udaktari, kwamba mwaka mmoja hautoshi, na kwamba tukiwajengea wauguzi ngazi ya kuvutia tutakuwa tumehalalisha huduma ya daraja la pili kwa maskini. Shirikisho la dunia la vyama vya madaktari wa usingizi limependekeza angalau madaktari bingwa watano kwa kila watu 100,000. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu watu 61,741,120. Piga hesabu: tunahitaji mabingwa zaidi ya 3,000 wa usingizi. Tulio nao hawafiki hata sehemu ya kumi ya hao, na wengi wako Dar es Salaam na kwenye hospitali za rufaa. Anayesema tungoje mabingwa watoshe anawaambia wajawazito wa Kigoma na Lindi wangoje kizazi kizima.

Hata hivyo hofu yao ina ushahidi. Utafiti mkubwa wa nchi 22 za Afrika uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta kwamba wanawake wanaofariki baada ya kujifungua kwa upasuaji ni zaidi ya 5 katika kila 1,000, mara 50 ya wanaofariki katika nchi tajiri, na matatizo ya usingizi yalikuwamo miongoni mwa sababu. Lakini tazameni hali anazofanyia kazi muuguzi wetu wa usingizi: peke yake, bila wa kumpigia simu, kwa mashine isiyotengenezwa, akiwa na mwaka mmoja wa masomo na bila mtihani mwingine wowote tangu ahitimu. Asiye na ngazi hana sababu ya kujiendeleza katika fani yake, na asiyejiendeleza anabaki na elimu ya mwaka mmoja hata akiwa na nywele nyeupe. Madaktari bingwa wanaotaka usalama wangekuwa wa kwanza kudai ngazi hiyo, kwa sharti kwamba kila daraja liwe na mtihani wake, daftari la idadi ya waliolazwa, na saa za kukaa chini ya bingwa. Nyongeza ya mshahara isiyodai chochote, mimi pia naipinga.

Ngazi yenyewe si kitendawili. Iwepo kada ya usingizi kwenye muundo wa utumishi, yenye jina lake kwenye tangazo la ajira, inayoanza juu kidogo ya muuguzi wa stashahada kwa sababu ya mwaka ule wa ziada. Aliyemo apande akiwa bado chumba cha upasuaji: mwandamizi anayesimamia wilaya nzima kwa simu, mwalimu anayefundisha wapya akiwa kazini, mkuu wa fani hospitali ya mkoa. Shahada ya fani hii iwe na nafasi inayoisubiri serikalini kabla mwanafunzi hajavaa joho, la sivyo tutakuwa tumewauzia vijana miaka ya masomo isiyo na dirisha la malipo.

Na kabla ya yote hayo, kituo kinachopasua kiwe na watu wawili wa usingizi. Kituo chenye mmoja hakina huduma ya upasuaji. Kina bahati, mpaka mtu huyo augue malaria. Hili la wawili naliona kubwa kuliko hata mshahara, maana nimesikia zaidi ya mara moja wenye kada hii wakisema kwamba kinachowakimbiza ni simu isiyozimwa, fedha inafuata. Lipeni posho ya kuitwa kwa mwezi husika, na wekeni kikomo cha usiku ambao mtu mmoja anaweza kuitwa.

Tutaambiwa fedha hazipo. Nafahamu bili ya mishahara ilivyo na vita ya vibali vya ajira inavyopiganwa. Lakini kada hii ni ndogo; tunazungumzia watu wachache kwa kila halmashauri, wakati nyongeza ya walimu au ya polisi inagusa makundi makubwa. Tena gharama ya kumkosa tunailipa tayari bila kuiandika. Jengo la shilingi milioni 500 linafungwa kufuli usiku, daktari anayelipwa kupasua anaandika rufaa, gari linachoma dizeli, na familia inauza mbuzi kwa ajili ya kukaa mjini na mgonjwa. Wakati wa Uviko-19 nchi iliongeza vyumba vya wagonjwa mahututi kwa mkopo wa IMF, jambo jema. Lakini wanaojua kuendesha mashine za kupumulia ni walewale wa usingizi, na kila kitanda kipya cha mahututi mkoani kinamvuta mmoja kutoka kijijini.

Taifa hili limefanya kazi kubwa kwa wazazi. Takwimu za kitaifa zilionyesha vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015–16, na 104 katika ule wa 2022, na tuzo ya Goalkeepers aliyokabidhiwa Rais Samia Februari 2025 ilitokana na hilo. Hatua zilizobaki ni ngumu kuliko zilizopita, kwa sababu wanaofariki sasa ni wale wanaohitaji kupasuliwa haraka na kupasuliwa vizuri. Mpango wa Taifa wa huduma za upasuaji, uzazi na usingizi, ulioandikwa kwa miaka 2018 hadi 2025, umefika mwisho wa muda wake. Wanaoandika utakaofuata wana nafasi ya kuweka kada hii kwenye karatasi, na ofisi inayoshughulikia Utumishi wa Umma ina kalamu ya kuifanya iwe mshahara. Chama cha Wauguzi nacho kiidai kwa jina lake, si kwa kuifunga ndani ya madai ya wauguzi wote, ambamo imekuwa ikimezwa.

Na wewe msomaji, hasa kama ni diwani au mjumbe wa kamati ya kituo cha afya, kikao kijacho uliza maswali mawili kabla hamjafika kwenye mengineyo. Kituo chetu kina watu wangapi wa usingizi? Na posho yao ya kuitwa imelipwa mpaka mwezi gani? Ukijibiwa kwamba yupo mmoja na anadai tangu mwaka jana, usiruhusu kikao kifungwe mpaka tarehe ya malipo yake imeandikwa kwenye muhtasari.